Nilidanganya kwa fomu kwamba najua kuogelea, sasa rafiki yangu ndiye anabebeshwa lawama

Habari Anti,

Nimekuwa nikisoma safu hii kitambo na sikuwahi kufikiria siku moja ni mimi nitaandika, lakini hii kitu imenikaa kooni karibu miezi mitatu na sina mtu wa kuambia, hata ndugu yangu tunayeishi naye hajui.

Mimi ni kijana wa miaka 29, nimezaliwa na kukulia Umoja, sahii naishi Kasarani. Tuko na chama, marafiki sita tangu tukiwa chuo, kila mwezi kila mtu anatoa elfu mbili na pesa ikifika kiasi fulani tunaenda safari. Tumeenda Naivasha, tumeenda Kilifi, tumepanda Longonot. Mwaka huu mwenyekiti wetu, ambaye nitamwita Kapteni kwa sababu ndiye alikuwa kapteni wa timu, akapata habari ya mashindano ya rafti, zile boti za mpira za kushuka maji makali, kule Sagana, mto Tana, Jumamosi na Jumapili, wikendi ya mwisho ya Mei. Timu ni watu sita, halafu mwongozaji wa kambi anakaa nyuma kabisa kushika mwelekeo. Kila mtu akafurahia. Kapteni akaandika kwa grupu, "Kama kuna mtu hajui kuogelea aseme sahii abaki Nairobi atuchungie magari." Watu wakacheka, na mimi nikaweka kicheko changu hapo chini.

Anti, sijui kuogelea. Sijawahi kujua. Estate yetu haikuwa na bwawa, shule niliyosoma haikuwa nalo, na mamangu alikuwa anatukataza hata kusongea mto baada ya mtoto wa jirani kuzama akiwa ushago. Nikienda Kilifi naingia maji mpaka kiunoni, natoka nasema nasikia njaa. Hakuna mtu amewahi kuniuliza.

Kule Sagana tulipofika tukapewa fomu. Jina, nambari ya simu, mtu wa kupigia ukipata shida, una ugonjwa wowote, halafu, je, unajua kuogelea. Kapteni alikuwa amesimama nyuma yangu akingojea kalamu. Nikatia tiki kwa Ndiyo. Ilichukua sekunde moja tu. Na kama hiyo haitoshi, kabla tuingie majini mwongozaji akatuuliza tena kwa mdomo, akasema, "Kuna mtu hajui kuogelea? Si aibu, nataka tu kujua nimuweke wapi." Nikanyamaza. Nikawekwa mbele kushoto kwa sababu nina mwili, Kapteni mbele kulia, na nyuma yangu akakaa Shiru (si jina lake).

Asubuhi mbio fupi zikaenda sawa, tukamaliza wa tatu. Mchana ikawa zile za rafti mbili zinaachiliwa pamoja, mnagombania njia moja. Tulikuwa tunaongoza, na nyuma yetu kijana wa kambi alikuwa kwa kayaki, ile boti ndogo ya mtu mmoja, tayari kuchukua atakayeanguka. Tukaingia kwa maji makali, nikasikia mwongozaji akipiga kelele "Shikeni!" na mimi badala ya kuinama ndani nishike kamba nikaendelea kupiga kasia, upande wetu ukapanda jiwe, na nikajipata ndani ya maji.

Siwezi kukueleza venye ilikuwa. Maji ni kahawia, yako mdomoni, yako puani, husikii kitu. Laifjaketi ilinipandisha juu lakini akili haikukubali kwamba niko juu. Nikawa natafuta chini kwa miguu nisimame. Halafu nikaona mkono wa Shiru, alikuwa ameweka kasia lake kando na ameinama nje ya rafti karibu mwili mzima, akanishika mabega ya laifjaketi kwa mikono miwili. Yeye ni mdogo, Anti, hafiki hata kilo hamsini na tano nadhani. Na mimi bado nilikuwa nimeshika kasia langu katikati, ile sehemu ya juu iko huru, na nilipokuwa napapatika nikaizungusha ikampiga mdomoni. Nilisikia. Ilikuwa sauti ndogo kama ya kuvunja kijiti. Hakuniachilia. Alinivuta mpaka tukaanguka wote ndani ya rafti, mimi juu yake, na nikaona damu kwa laifjaketi yake na ulimi wake unatafuta mahali jino lilikuwa. Nusu ya jino la mbele ilikuwa imeenda.

Kasia lake lilienda na mto. Ile timu nyingine ikatupita. Tukatolewa.

Sasa shida yenyewe ni hii. Kapteni alikuwa anaangalia mbele, hakuona kila kitu. Jioni tukila nyama akasema tungekuwa fainali kama mtu hangeachilia kasia, akamwambia Shiru, "Huyu anajua kuogelea, kijana wa kayaki alikuwa hapo nyuma, ungemwacha aogelee kidogo achukuliwe, si ungeendelea kupiga kasia?" Wengine wakaitikia. Shiru akaniangalia. Hakusema kitu, aliniangalia tu, na mimi nikaangalia sahani.

Jumapili yeye alibaki ukingoni na barafu mdomoni, tukachukua mtu wa timu nyingine, na mimi nikarudi pale pale mbele nikitetemeka. Kasia lililopotea kambi ililipisha, na Kapteni akasema Shiru ndiye alipe, akalipa. Jino alijitengenezea mwenyewe, sijui pesa ngapi. Siku hizi akicheka anaweka mkono mbele ya mdomo. Yeye ndiye alikuwa na kicheko kikubwa kuliko sisi wote, ungekisikia ukiwa geti.

Sasa Kapteni anapanga turudi Novemba. Wiki iliyopita ameniambia pembeni kwamba anataka kumtoa Shiru kwa timu aingize binamu yake, ati Shiru "hana utulivu", na Jumapili hii anatuma orodha. Mimi niko kwa orodha. Nikisema ukweli, nitaonekana mwongo na mwoga, na labda chama kitavunjika. Nisiposema, Shiru anatolewa kwa sababu yangu. Na bado sijui kuogelea.

Nifanye nini Anti? Nijifunze kimyakimya kabla ya Novemba halafu nimalizane na hii mambo bila kuumiza mtu?

Ni mimi,
Mtu wa mbele kushoto, Kasarani

ANTI ANAJIBU

Kijana wangu, kwanza ashukuriwe Mungu uko hai, nasema hivyo nikiwa namaanisha, kwa sababu nimesoma hapo ulipoandika ulikuwa unatafuta chini kwa miguu usimame na mikono yangu imeingia baridi, nitakueleza kwa nini baadaye.

Lakini swali lako la mwisho nalijibu sasa hivi ndio lisikusumbue: hapana. Huwezi kujifunza kimyakimya ukamaliza hii mambo bila kuumiza mtu, kwa sababu kuna mtu tayari ameumia na anaendelea kuumia kila Kapteni anapofungua mdomo. Ukijua kuogelea kama samaki kufikia Novemba, Shiru bado atakuwa yule mtu aliyeachilia kasia bure.

Hebu angalia vizuri lawama ya Shiru imesimama juu ya nini. Kapteni anasema, huyu anajua kuogelea, ungemwacha. Hiyo "anajua kuogelea" ni yako. Umeiandika wewe kwa kalamu, ukaithibitisha kwa kunyamaza mwongozaji alipouliza. Ukiitoa hiyo, hakuna kosa linalobaki, kunabaki msichana wa kilo hamsini na kitu aliyevuta mwanaume mzima kutoka kwa Tana huku mdomo wake unatoka damu. Kwa hivyo wewe ndiye pekee unaweza kumtua huo mzigo, hata yeye mwenyewe hawezi, akijitetea itaonekana anatafuta sababu.

Na nataka nikuambie kitu kingine, ili ukienda kuongea na hao wenzako uwe na maneno. Hata kama ungekuwa unajua kuogelea, Shiru alifanya sawasawa. Mimi nimeenda Sagana mara tatu na watu wa kanisa na kila mara mafunzo ni yale yale: mtu akianguka karibu na rafti, aliye karibu naye zaidi anaweka kasia lake ndani, anamgeuza aangalie rafti, anamshika kamba za mabega za laifjaketi, si mkono wala nywele, halafu anaegemea nyuma kwa uzito wake wote mpaka waangukie ndani pamoja. Ndivyo ulivyonieleza alifanya, neno kwa neno. Yeye alikuwa nyuma yako, hiyo ilikuwa kazi yake kabla ya mtu mwingine yeyote. Kijana wa kayaki ni wa kumchukua aliyeenda mbali. Kasia ni mti na plastiki, linanunuliwa. Kapteni akibisha, mwambie ampigie yule mwongozaji, maana yeye anakaa nyuma na anaona migongo yenu wote sita, aliona kila kitu.

Nikija kwako. Najua unajiona mwoga kwa sababu hujui kuogelea, na hapo ndipo nadhani umekosea tangu mwanzo, kwa sababu kutojua kuogelea hakukuzuii kwenda rafti. Watu wengi wanaoshuka ule mto hawajui, laifjaketi na helmeti ni za kila mtu, hata bingwa anavaa. Ile fomu haikuwekwa ili ikufukuze. Mwongozaji alikuambia kwa mdomo wake mwenyewe, nataka kujua nimuweke wapi. Angejua, angekuweka katikati, mbele ndipo rafti inapigwa kwanza na maji na ndipo watu wanarushwa. Angemwambia yule wa kayaki akuwekee jicho. Angekufanya uanguke makusudi pale maji yametulia, karibu na ukingo, uone laifjaketi inavyokubeba, ndio akili yako ikubali kabla ya siku yenyewe. Vitu hivyo vyote ulivikosa kwa ile tiki moja, na si wewe peke yako uliyevikosa, yeye pia aliingia majini akiwa na picha ya uongo ya watu wake. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na wewe uliuficha mbele ya mkunga mwenyewe.

Sasa hiyo ya kusimama. Mwanangu, usiwahi, usiwahi kabisa kutafuta chini kwa miguu ndani ya maji yanayokimbia. Mto una mawe chini na yana nyufa, mguu unaingia hapo unanaswa, na maji hayakungoji, yanakusukuma mgongoni mpaka unalala kifudifudi, na unaweza kuzama mahali maji yanafika mapajani tu, laifjaketi ikiwa imefungwa vizuri. Ndio maana mnaambiwa ulale chali, vidole vya miguu vionekane juu ya maji, miguu iangalie kule mto unaenda, ukikutana na jiwe unalipiga teke na nyayo badala ya kulipokea na kichwa. Unasimama tu ukifika mahali maji yametulia na uko karibu kabisa na ukingo. Mimi nilianguka mara ya pili nilipoenda, na nakumbuka kitu kilichonisaidia ni kuhesabu viatu vyangu, nikaambia akili, viatu viwili viko juu, basi niko sawa, nikavuta pumzi wimbi likishuka nikafunga mdomo likija. Nikatupiwa kamba ya kuokolea, ile inayotupwa ikiwa ndani ya mfuko. Na kamba hiyo unashika kamba yenyewe, si mfuko wake, unaipitisha juu ya bega ukiangalia mbinguni, huizungushi mkononi hata siku moja.

Na ile sehemu ya juu ya kasia, ile yenye umbo la T. Najua mlifundishwa na najua hukusikia, ulikuwa unawaza ile tiki. Mkono mmoja hautoki hapo juu, kamwe, ukiwa ndani ya rafti ama nje yake. Ikiwa huru inaenda kwa meno ya jirani, na mnakaa karibu kiasi kwamba haihitaji hata nguvu. Hiyo ndiyo ilimpata Shiru. Sikuelezi hivi nikukandamize, nakueleza kwa sababu utakapomwomba msamaha nataka ujue unaomba msamaha wa nini hasa. Kuna watu wanaomba msamaha wa "yote yaliyotokea", na aliyeumia anabaki akijiuliza kama ameeleweka.

Basi fanya hivi. Shiru kwanza, kabla ya Kapteni, kabla ya grupu, na usimwandikie. Mpigie umwambie unataka kumwona, mahali pa utulivu ambapo anaweza kulia ama kukasirika bila watu kumwangalia, si kwa mkahawa wa katikati ya mji. Na ukifika usianze na historia ya mama na mtoto wa jirani, hiyo ni ya kweli na inaniuma lakini ikitangulia itakuwa kama unajitetea. Anza na kitu chenyewe. Mwambie, "Shiru, mimi sijui kuogelea. Nilidanganya kwa fomu. Ulinitoa kwa maji nikiwa naenda, nikakuvunja jino, na Kapteni alipokulaumu nilinyamaza nikaangalia sahani." Halafu unyamaze. Akikuuliza kwa nini, hapo ndipo unamweleza ya mama. Akikasirika mwache akasirike. Usimwambie hukujua angeumia hivyo, na tafadhali usimwombe akutunzie siri, umeshamwekea mizigo ya kutosha.

Na ujiandae kwa kitu kimoja. Inawezekana anajua. Mtu aliyekushika mabega, uso kwa uso, ameona macho yako. Yule aliyekuangalia pale kwa nyama bila kusema kitu, mimi nikisoma naona mtu aliyekuwa anakungoja useme. Kama ndivyo, basi amekungoja miezi mitatu na hajakuanika, na hiyo heshima utailipa kwa kwenda leo badala ya kesho.

Pesa usingoje aombe. Muulize alilipa ngapi kwa jino na ngapi kwa kasia, akikataa kusema muulize mara ya pili, halafu tuma kwa M-Pesa yote, na kama huna yote sema wazi utatuma kiasi gani na lini. Jino la mbele likishajazwa linaweza kuhitaji kurudiwa baadaye, kwa hivyo mwambie na hiyo ikifika uko. Usiiweke kwa mfuko wa chama. Hii ni yako.

Ukimaliza na yeye, muulize anataka wengine wajue vipi. Ni jino lake na ni jina lake, ana haki ya kuamua kama atakuwepo ama la. Kisha unaenda kwa Kapteni na wengine, na hapo lengo lako ni kurudisha heshima ya Shiru mahali ilitolewa. Alilaumiwa mbele ya watu watano, basi mbele ya hao hao isemwe. Ukimnong'onezea Kapteni pembeni itaishia pembeni.

Na kama Kapteni anasoma hapa, maana Nairobi ni ndogo, nina neno na wewe pia. Najua ule ujumbe wa kuchunga magari ulikuwa mzaha na sidhani una roho mbaya. Lakini wewe ndiye kapteni, na kapteni akicheka kitu mapema hakuna mtu atamletea hicho kitu tena. Ungeandika tu, kama hujui kuogelea niambie tupange vizuri, huyu kijana angekuja kwako kwa simu usiku huo huo. Na hiyo habari ya "utulivu", nakuomba uiangalie tena. Kwenye mashindano makubwa ya dunia, yale yanayosimamiwa na shirikisho la kimataifa la rafti, kuna mbio za aina nne na pointi zake hazilingani: zile fupi ni 100, zile za rafti mbili kwa mbili ni 200, zile za kupita kwenye milango ni 300, na zile ndefu za kushuka mto ni 400. Walioziweka hivyo wameona mbali. Nguvu ya dakika chache wanaipa kidogo, zawadi kubwa inaenda kwa watu wanaoweza kukaa pamoja ndani ya kitu kimoja mpaka mwisho wa mto. Unamtoa mtu wa aina hiyo umwingize binamu?

Novemba sasa. Mimi nakushauri usishindane, kijana wangu, hata Shiru akikusamehe na wote wakikukumbatia. Huo ni msimu wa vuli, na Tana inajazwa na maji ya Mlima Kenya na Aberdare, kwa hivyo Sagana inaweza kuamka na jua zuri na mto umepanda kwa mvua iliyonyesha huko juu usiku. Maji yakipanda yanabadilika, jiwe mlilolizoea linafunikwa linakuwa shimo linalozungusha maji na kushika mtu, na miti ya ukingoni inaingia mtoni, na matawi yanapitisha maji lakini mtu hayampitishi. Maji makali hupimwa daraja la kwanza mpaka la sita, na mahali palipokuwa la tatu Mei si lazima pawe la tatu siku utakayofika. Mtu ambaye bado anaogopa ndani ya kifua hafai kuwa hapo akiwa na mbio.

Nenda nao, ila ukae ukingoni, ushangilie, uwape chai. Na kama Jumapili mwongozaji ana nafasi, mwambie ukweli wako wote na umuombe akupeleke kwa maji madogo, uanguke makusudi mara tatu nne na uvutwe. Mwambie hata ya ile fomu. Nadhani atashukuru kuliko unavyofikiri.

Kuogelea anza wiki hii. Wewe uko Kasarani, na pale kwa uwanja uliojengwa kwa ajili ya michezo ya Afrika ya mwaka 1987 kuna bwawa, ulizia kama liko wazi na wanafundisha saa ngapi, na kama si hapo tafuta popote penye mwalimu, usiende na rafiki anayejua kidogo. Watu wazima wanaoanza ni wengi, utawakuta. Mwambie mwalimu unataka kwanza kutia uso ndani ya maji na kupumua, halafu kulala chali bila kushikwa. Hizo mbili kwanza, mikono na miguu itafuata. Siku utakapolala chali ukiangalia juu na masikio yako yako ndani ya maji na moyo haupigi mbio, utajua ile siku ya Mei imeanza kutoka mwilini. Na usishangae kama utalia hapo, mimi nililia.

Na mama yako, siku moja ukipata nafasi mweleze. Alikukataza mto kwa sababu mtoto wa jirani alizama, hiyo ilikuwa mapenzi. Nadhani angependa kujua unajifunza.

Umesema orodha inatumwa Jumapili. Sijui unasoma hii siku gani, lakini kama bado haijatumwa mpigie Shiru sasa, kabla ya kula. Na kama imeshatumwa, mpigie vilevile.